Faida ya Simu Imekwenda kwa Nani? Mapokeo ya Utafiti wa Uchumi wa Kidijitali

Desemba 2016 jarida la Science lilichapisha makala ya wachumi wawili, Tavneet Suri wa chuo cha MIT na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Walikuwa wamezifuatilia kaya za Kenya tangu 2008 hadi 2014, na jibu lao likaenea upesi duniani: M-Pesa, huduma ya fedha za simu iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilikuwa imezitoa kwenye umaskini kaya zipatazo 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya zote za Kenya. Wanawake wapatao 185,000 walikuwa wameacha kutegemea kilimo wakaingia kwenye biashara. Mwaka 2019 wasomi watatu, Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere, waliyachambua makala hayo katika jarida la Review of African Political Economy, wakaukataa msingi wake. Mmehesabu walioanza biashara, walisema, lakini wako wapi waliofilisika? Iko wapi hesabu ya wachuuzi wa zamani walionyang'anywa wateja na wachuuzi wapya? Iko wapi hesabu ya madeni, na ya faida iliyovuka mipaka kwenda kwa wenye hisa?

Makundi yote mawili ni ya watu waliosoma wakabobea, na huduma waliyoiangalia ni ileile. Wanatofautiana kwa sababu wametoka katika mapokeo tofauti ya kuuliza. Hoja yangu ni kwamba kila pokeo limetufunza jambo la kweli, ila swali lililo zito kuliko yote, la faida kwenda kwa nani, ndilo lililopimwa kidogo kuliko yote. Na ndilo swali ambalo Afrika Mashariki ilikuwa ya mbele kuliuliza, miongo mingi kabla ya simu ya mkononi kufika.

Ili kulielewa pokeo la wachumi wapimaji, heri tuanzie kwa wavuvi wa Kerala, kusini magharibi mwa India. Kati ya 1997 na 2001 mitandao ya simu ilifika pwani ya kaskazini ya jimbo hilo kwa awamu, eneo moja baada ya jingine. Mchumi Robert Jensen alikuwa tayari anakusanya kila wiki takwimu za vyombo 300 vya uvuvi katika masoko 15 ya pwani. Kabla ya simu, nahodha aliyejaza sadini hakuwa na njia ya kujua bei ya soko la jirani, na mafuta ya kuzunguka kuulizia ni gharama, kwa hiyo aliuza palepale alipozoea au akamwaga samaki baharini. Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1997 wavuvi 11 wa Badagara walikosa mnunuzi, ilhali katika masoko mengine yaliyo umbali usiozidi kilomita 15 wanunuzi 27 walikuwa karibu kuondoka mikono mitupu. Simu zilipofika, nahodha alianza kupiga akiwa bado majini. Samaki waliokuwa wakitupwa, asilimia 5 hadi 8 ya mavuno ya kila siku, hawakutupwa tena. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Mvuvi alinufaika, na mpishi naye alinufaika.

Makala ya Jensen ya 2007 ni kazi safi ya kisayansi, na sioni aibu kusema niliyasoma kwa furaha. Kwa vile minara ilisimamishwa kwa awamu, Jensen aliweza kulinganisha eneo lenye simu na eneo ambalo bado, tena kabla na baada. Ni nadra kwa mchumi kupata nafasi ya namna hiyo. Watunga sera wakayapokea, mashirika ya misaada yakayapokea, na mvuvi wa Kerala mwenye simu sikioni akawa mfano wa kila mkutano wa maendeleo.

Kisha wakaja waliokwenda kukaa na wavuvi. Mwaka 2013 Janaki Srinivasan na Jenna Burrell waliandika upya habari za wavuvi wa Kerala, wakayataja mambo ambayo hesabu ya bei haikuyagusa: aina ya chombo, aina ya samaki, na zaidi ya yote uhusiano wa mvuvi na dalali wake. Mvuvi anayedaiwa na dalali hana uhuru wa kutia nanga kwenye soko lenye bei nzuri hata kama bei hiyo anaijua. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Anawajua wavuvi ambao nyavu na mashine ni za tajiri, na ambao mzigo wao una mwenyewe kabla haujatoka majini. Kwa mtu huyo, taarifa ya bei inamwonyesha tu kiasi anachopunjwa.

Je, Jensen alikosea? Hapana. Alichopima kilikuwa kweli kwa vyombo vile, masoko yale na miaka ile. Kosa lilikuwa la wale waliolichukua jibu la sehemu moja ya pwani ya Kerala wakaligeuza kuwa kanuni ya dunia nzima. Kosa hilo hilo limeufuata utafiti wa uchumi wa kidijitali kila ulikokwenda.

Turudi kwenye fedha za simu. Kabla ya makala ya Science, Suri na Jack walikuwa wamechapisha mwaka 2014, katika American Economic Review, kazi ambayo kwa maoni yangu ni imara kuliko ile iliyowapa umaarufu. Waliuliza: kaya ikipatwa na janga, kwa mfano ugonjwa au kupoteza kazi, nini kinatokea kwenye matumizi yake? Kwa wasiotumia M-Pesa, matumizi yalishuka kwa asilimia 7. Kwa watumiaji hayakushuka. Sababu ni kwamba walitumiwa pesa na ndugu wengi zaidi, kutoka mbali zaidi, kwa gharama ndogo kuliko kumpa kondakta wa basi bahasha. Emma Riley aliuliza swali la jamaa na hilo nchini Tanzania, akiangalia vijiji vilivyopigwa na ukame au mvua iliyozidi, na akachapisha matokeo yake mwaka 2018. Naye alikuta watumiaji wa fedha za simu hawakupunguza matumizi yao baada ya janga. Lakini majirani zao wasiotumia huduma hiyo waliendelea kuumia. Pesa iliyotoka mjini ilimfikia mwenye laini ikakomea hapo.

Tokeo hilo la mwisho lingepaswa kujadiliwa zaidi kuliko lilivyojadiliwa. Tumezoea kuamini kwamba pesa ikiingia kijijini, kijiji kizima hunufaika. Hesabu za Riley zinasema sivyo, na zinatutaka tuulize ni nani anayekwenda kumsaidia jirani asiye na mtoto Dar es Salaam.

Hapa ndipo wachumi wapimaji hufikia kikomo chao. Kaya kwao ni kipimo kimoja, na jina la mkuu wa kaya limeandikwa juu ya dodoso. Ndani ya kaya hiyo kuna mume, mke, bibi, mtoto aliyehamia mjini na binti aliyeolewa kwingine lakini bado anamtunza mama yake. Nani anamtumia nani, na kwa nini?

Wanaanthropolojia wamefanya kazi yao hapo. Olga Morawczynski alikaa Kibera, Nairobi, na Bukura, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya mwanzo kabisa ya M-Pesa. Aliwakuta wanawake wa kijijini waliopata urahisi wa kuomba pesa kwa waume zao na urahisi wa kuificha akiba yao. Aliwakuta pia wake wenye wasiwasi: mume aliyekuwa akija na pesa mkononi sasa aliituma, na safari zake za kurudi nyumbani zikapungua. Sijui dodoso gani lingeyapata maneno hayo. Mwanamke hamwambii karani wa takwimu kwamba pesa imefika na mume hakufika. Humwambia mtu aliyekaa naye akimenya maharage.

Sibel Kusimba alikwenda mbali zaidi. Kwa miaka kadhaa alichora mitandao ya kutumiana pesa magharibi mwa Kenya, akauliza katika kila familia nani humtumia nani, na matokeo akayaweka katika kitabu chake cha 2021, Reimagining Money. Michoro hiyo haikumweka baba katikati. Iliwaweka akina mama, bibi, na ndugu wa tumbo moja waliotawanyika mijini. Pesa ilizunguka pale alipo mama na jiko lake, na ilikusanyika kwa ajili ya karo, matanga, mahari na sherehe za jando. Ukiitazama M-Pesa kupitia michoro hiyo, huioni kama benki ndogo. Unaona namna mpya ya kufanya jambo la zamani: kuchangiana, kudaiana, kukumbukana. Unaona pia wanaosahaulika, kwa sababu mtandao wa ndugu una watu wa katikati na watu wa pembeni, na wa pembeni hubaki huko.

Kazi ya namna hii ina udhaifu wake, na ni haki kuutaja. Familia chache haziwezi kumwambia waziri wa fedha apunguze au aongeze ada gani. Waziri huuliza "wangapi?", na mwanaanthropolojia mkweli husema hajui. Ndiyo maana katika vikao vya sera mchumi mwenye namba moja kubwa humshinda mwanaanthropolojia mwenye kurasa mia tatu za ukweli.

Pokeo la tatu ndilo la Bateman na wenzake, na chimbuko lake halipo mbali nasi. Review of African Political Economy lilianzishwa mwaka 1974, katika hewa ileile ya fikra iliyokuwa ikivuma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walter Rodney alifundisha pale, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, huku Tanzania Publishing House ikiwa mmoja wa wachapishaji wake. Issa Shivji alifuata na kitabu chake juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania mwaka 1976. Swali lao lilikuwa moja kwa mkonge, pamba, benki na viwanda: thamani inazalishwa na nani, na inaishia kwa nani? Leo swali hilo linaulizwa juu ya simu.

Na lina mashiko. Serikali ya Uingereza, kupitia shirika lake la misaada, ilichangia karibu pauni milioni 1 kuijaribu M-Pesa ilipokuwa wazo la Vodafone la kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Huduma ilipokua, kila muamala ukawa na makato, na makato hayo yanatoka kwa mama lishe na mwendesha bodaboda kwenda kwa kampuni ambayo sehemu kubwa ya hisa zake iko nje ya nchi. Kisha mikopo ikafuata. M-Shwari ilianza Novemba 2012, zikaja programu za Tala na Branch, na Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomkopesha mtu palepale salio linapopungua. Kevin Donovan na Emma Park waliandika mwaka huo wa 2019 juu ya Wakenya wanaoishi katika deni lisiloisha, wakikopa huku kulipa kule, huku kumbukumbu za simu zao zikitumika kupima thamani yao. Kwa Tanzania nani asiyeijua mikopo ya riba kubwa inayoitwa kausha damu?

Lakini pokeo hili nalo lina deni. Bateman na wenzake walionyesha mapengo ya utafiti wa Suri na Jack bila kuleta takwimu zao mpya kutoka uwandani. Walisema biashara ndogo nyingi hufa, na kwa jumla ni kweli. Hawakutuonyesha ngapi zilikufa katika maeneo yale, miaka ile. Mwaka 2021 Suri na Jack, pamoja na Prashant Bharadwaj, walichapisha utafiti juu ya M-Shwari yenyewe. Waliwalinganisha watu waliopita kwa shida kipimo cha kukopeshwa na waliokikosa kwa nukta chache, wakakuta kwamba uwezekano wa kuacha matumizi muhimu wakati wa janga ulipungua kwa pointi 6.3 za asilimia kwa waliostahili mkopo. Kumbe mkopo uleule unaomnyonya mmoja unamwokolea mwingine mtoto wake asirudishwe nyumbani kwa kukosa karo. Anayesema mikopo ya simu ni unyonyaji mtupu anapaswa kumtazama mzazi huyo usoni. Anayesema ni ukombozi anapaswa kukaa na yule anayefukuzwa na ujumbe wa deni kila asubuhi.

Nje ya bara letu kuna mfano mmoja unaotufaa. China ilijenga pokeo la utafiti linalokwenda bega kwa bega na kampuni na serikali. Kitengo cha utafiti cha Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, ndicho kilichoweka kipimo cha kijiji cha Taobao: mauzo ya mtandaoni ya angalau yuani milioni 10 kwa mwaka, pamoja na maduka hai ya mtandaoni 100 au asilimia 10 ya kaya. Vilianza kuhesabiwa vitatu mwaka 2009. Kufikia 2020 vilikuwa 5,425. Takwimu hizo zinavutia, lakini zinahesabu vijiji vilivyofaulu tu. Victor Couture, Benjamin Faber, Yizhen Gu na Lizhi Liu walifanya jambo gumu zaidi. Kwa kushirikiana na kampuni hiyo hiyo walivichagua kwa bahati nasibu vijiji vitakavyopelekewa vituo vya biashara ya mtandaoni katika wilaya nane za mikoa ya Anhui, Henan na Guizhou. Matokeo yao ya 2021 yalipoza shauku: kipato cha wazalishaji na vibarua wa vijijini hakikupanda kwa kiasi cha kuonekana. Walionufaika walikuwa kaya chache, zenye vijana na zenye uwezo, tena kwa kununua kwa bei nafuu.

Somo ninalolichukua hapo ni kwamba kampuni kubwa ilifungua mlango, watafiti wakapima, na jibu lisilopendeza likachapishwa. Kwetu mlango huo umefunguka mara chache, na ulipofunguka waliopita walikuwa wageni zaidi. Mfano mashuhuri ni Rwanda. Mwaka 2015 Joshua Blumenstock na wenzake wawili walionyesha katika Science kwamba kumbukumbu za simu za wateja milioni 1.5, zikiunganishwa na mahojiano ya simu ya watu 856 tu, zinaweza kuchora ramani ya utajiri na umaskini wa nchi nzima. Ni ustadi mkubwa, na njia ya aina hiyo imetumika baadaye Togo kuwatambua maskini wa kupewa msaada wakati wa korona. Lakini tazama mamlaka yaliyomo humo. Mtu aliyempigia shangazi yake jioni hakujua kwamba simu hiyo ingesema kitu juu ya paa la nyumba yake. Na mwanafunzi wa uzamivu wa Kigali, Kampala au Dodoma anayetaka kulijibu swali la faida kwenda kwa nani, ataziomba wapi kumbukumbu hizo?

Mwelekeo wa utafiti umebadilika katika miaka hii. Shangwe za muongo wa kwanza wa M-Pesa zimepungua, na wasomi wamegeukia kazi, kodi na deni. Mohammad Amir Anwar na Mark Graham, katika kitabu chao cha 2022, waliwafuata wafanyakazi wa mtandaoni Afrika Kusini, Kenya, Nigeria, Ghana na Uganda, wakakuta ajira na uhuru kiasi, na pia upweke na ujira unaoamuliwa na mteja asiyeonekana. Nanjala Nyabola ameandika juu ya siasa za kidijitali za Kenya kwa jicho la mwenyeji, akaongoza pia kazi ya kutafuta istilahi za haki za kidijitali kwa Kiswahili. Serikali nazo zimejiunga katika kugawana faida. Uganda ilianza Julai 2018 kwa kodi ya asilimia 1 kwenye fedha za simu, ikalazimika kuipunguza hadi nusu na kuiacha kwenye kutoa pesa peke yake. Tanzania ilileta tozo ya miamala Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000, ikapunguza asilimia 30 Septemba mwaka huo baada ya kilio cha wananchi. Mjadala wa tozo ulikuwa mkali vijiweni na bungeni. Waliotaka kujua maskini analipa kiasi gani katika kila shilingi elfu anayomtumia mama yake walikuwa na hisia nyingi na hesabu chache.

Hesabu hizo zipo. Zimelala katika mitambo ya kampuni za simu na katika taarifa ambazo Benki Kuu hupelekewa. Hukumu yangu ni kwamba mabishano ya 2016 na 2019 hayatakwisha kwa makala nyingine ya kujibizana. Yatakwisha pale swali la Mlimani litakapopimwa kwa ustadi wa Suri na Jack na kwa sikio la Kusimba, na watu watakaoishi na matokeo yake. Kwa hiyo naiomba Benki Kuu ya Tanzania, Benki Kuu ya Kenya na wenzao wa Uganda na Rwanda waweke utaratibu wa kuwapa watafiti wa vyuo vyetu takwimu za miamala zilizoondolewa majina, kwa masharti makali ya faragha na bila upendeleo kwa chuo cha ng'ambo. Naviomba vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Makerere viwatume wanafunzi wao kwa wakala wa mtaani, kwa mvuvi na kwa kikundi cha vikoba, wakae huko muda wa kutosha. Na kila atakayechapisha matokeo kwa Kiingereza awape wale aliowahoji muhtasari kwa Kiswahili, wausome na waupinge wakiona haja.